Mashini ya kupasua kuni: tuchague ipi, na tuanze na nini

*Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano wa mutualite, Baraka. Tunayachapisha kwa ajili ya wanachama ambao hawakuweza kufika na kwa wafadhili wetu walioko mbali.*

 

Kamati ilituita sisi wafanyakazi wa teren juu ya jambo moja. Ndugu zetu ambao tulikaa nao Nyarugusu, na ambao baadaye walipelekwa Marekani, wameona huko mashini za kupasua kuni. Wanasema ziko nyuma ya nyumba za majirani: unaweka gogo, unavuta mkono wa chuma, gogo linafunguka lenyewe kama muhogo uliopikwa. Wakawakumbuka wamama zao hapa na shoka. Wakachanga, wakatuma ujumbe: “Tuambieni tununue ya namna gani, tutume.”

Ni upendo mkubwa, na hatutaki mtu aondoke hapa akisema kwamba sisi tuliudharau. Lakini tumeombwa kusema ukweli. Tutaanza na jibu, ili hata anayetoka mapema kwenda kuteka maji alibebe: kwa leo, tusinunue mashini kubwa ya motere. Tununue mashoka mazuri, kabari na nyundo nzito kwa kila kikundi, na tutengeneze hapa hapa Baraka mashini ndogo ya kusukuma kwa mkono, inayotumia kriki ya lori. Pesa inayobaki iwekwe kando kwa matengenezo. Sasa tueleze kwa nini.

Tulikotoka: majiko yaliyolala

Munakumbuka yale majiko tuliyogawa, majiko ya kupunguza kuni. Tulifurahi, tukapiga picha, wafadhili wakapata ripoti. Baada ya miezi michache tukapita nyumba kwa nyumba kuangalia. Nyumba nyingi tulikuta jiko limewekwa pembeni, limejaa vikombe au viazi, na mama anapikia kwenye mafiga matatu kama zamani. Sisi tulidhani wamama hawajaelewa mafunzo. Tukataka kurudia semina.

Mama mmoja mjane, mzee wa kutosha kutuzaa, ndiye alituzuia. Alisema: “Wanangu, jiko lenu ni zuri. Lakini mdomo wake ni mdogo na kuni zangu ni nene. Munanipa jiko, hamunipi mkono wa kupasulia.”

Tuliona aibu, juu alikuwa anasema kweli. Jiko la namna ile linataka kuni nyembamba, unene wa kifundo cha mkono, na kavu. Ukilishindilia kipande kinene hewa haipiti, moshi unajaa nyumba, chungu hakichemki. Kwenye mafiga unaweza kuingiza hata gogo zima na kulisukuma pole pole. Kwenye jiko haiwezekani. Kwa hiyo yule mama, kila anapotaka kutumia jiko, inabidi aite kijana apasue, na kijana anataka malipo au anachukua sehemu ya kuni. Akipiga hesabu anaona faida ya jiko yote imekwenda kwa kijana. Anarudi kwenye mafiga. Nani atamlaumu?

Wale tuliopita kambini tunajua kuni ni kitu gani. Kule Nyarugusu mama alikuwa anatoka asubuhi hajui kama atarudi salama. Tumerudi nyumbani, na safari ya kuni bado ni ndefu, na vilima vilivyo karibu vinazidi kuwa vyeupe. Kila kipande kinachoungua bure kinaongeza safari moja. Ndiyo maana neno la kupasua si neno dogo.

Mashini yenyewe inafanyaje kazi

Tusiogope jina. Mashini ya idroliki ni ndugu ya kriki. Kila mtu hapa ameona dereva wa lori amepasua tairi: anaweka kriki chini, anapiga mkono wa chuma, na mtu mmoja mwembamba anainua tani nyingi. Ndani ya kriki kuna mafuta. Pompi ndogo inasukuma mafuta kidogo kidogo kwenda kwenye silinda pana. Mafuta hayakubali kubanwa, kwa hiyo silinda pana inasukuma kwa nguvu kubwa. Unachopata kwa nguvu unakilipa kwa mwendo: unapiga mara nyingi, inasogea kidogo.

Mashini ya kupasua kuni ni hiyo hiyo kriki iliyolazwa au kusimamishwa, na mbele yake kuna chuma chenye makali kama kabari. Gogo linasukumwa kwenye makali mpaka linafunguka. Basi.

Ziko za namna tatu.

Ya kwanza ni ya mkono. Inapigwa kama kriki, nguvu yake kwa kawaida ni kama tani 10. Nyingi ziko na mikono miwili, mmoja wa kusogeza haraka mpaka chuma kiguse gogo, mwingine wa kusukuma kwa nguvu. Haina motere, haina waya, haitaki esanse. Kwa ng'ambo bei yake iko kati ya dola 100 na 250. Ubaya wake: ni ya pole pole, na inachosha mabega.

Ya pili ni ya umeme. Nguvu yake ni kama tani 5 mpaka 7, na bei iko karibu dola 250 mpaka 450. Haina kelele sana, haitoi moshi. Lakini motere yake inakula wati 1,500 mpaka 2,000, na wakati wa kuwaka inavuta zaidi ya hapo. Ile paneli ya jua inayowasha taa na kuchaji telefoni haiwezi hata kuitingisha. Inataka jenereta ya nguvu ya kutosha, na jenereta inataka esanse. Kwa hiyo umenunua mashini mbili.

Ya tatu ni ya motere ya esanse. Hii ndiyo ile ya majirani wa Marekani. Tani 20, tani 25, na zaidi. Inapasua gogo ambalo wanaume wawili hawawezi kulizungusha. Bei yake ni kati ya dola 1,000 na 2,000, na uzito wake mara nyingi unapita kilo 200. Ikifanya kazi kweli, inakunywa lita moja ya esanse kwa saa, hata zaidi.

Tani zilizoandikwa na tani za kweli

Hapa tunaomba vijana waliosoma hesabu watusikilize, juu hapa ndipo watu wanaibiwa. Karatasi iliyobandikwa kwenye mashini inaandika “tani 25” kwa maandishi makubwa. Usiiamini hivi hivi. Uliza mambo mawili: silinda iko na upana gani, na pompi inasukuma kwa kilo ngapi kwenye kila sentimita mraba.

Tuseme silinda iko na upana wa sentimita 10. Nusu yake ni 5. Tano mara tano ni 25, mara 3.14 tunapata karibu 78 na nusu: hizo ni sentimita mraba. Pompi nzuri inafika kama kilo 200 kwa kila sentimita mraba. Zidisha: ni kama kilo 15,700, yaani tani 16 hivi. Kumbe silinda ya sentimita 10 kwa pompi ile haiwezi kuwa tani 25, hata wabandike karatasi tatu. Ili ukaribie 25 unahitaji silinda ya sentimita 12 na nusu. Hesabu hii ni ya dakika moja, na inaweza kuokoa mamia ya dola.

Tena, tani nyingi ni za nini? Kule wanakopasua kwa mashini kubwa, wanaangusha mti mzima, wanaukata vipande vya sentimita 40, na kila kipande ni kipana kama mdomo wa ngoma. Wanapasha nyumba joto miezi yote ya baridi. Sisi tulipita sokoni na majumbani tukaangalia kuni zenu. Nyingi ni matawi na miti michanga, unene wa mguu wa mtu. Kuni kama hizo, zikiwa zimenyooka, shoka zito linazifungua kwa pigo moja au mawili. Kinachotushinda ni mafundo ya mwembe, mashina, na mkaratusi uliojisokota na kukauka. Hivyo ni vichache. Hatuwezi kununua tembo kwa ajili ya kubeba ndoo.

Kwa nini isitoke Marekani

Ndugu zetu, hili neno ni lenu hasa, na tunalisema kwa heshima.

Kwanza umeme. Marekani umeme wa nyumbani ni volti 120; hapa Congo ni volti 220. Hata mapigo ya umeme wenyewe ni tofauti, kule 60, hapa 50. Ukileta mashini ya umeme ya kule na kuichomeka kwenye jenereta ya hapa, utanusa harufu ya motere inayoungua kabla ya kipande cha kwanza kupasuka.

Pili, vipimo. Kule bulo na mabomba yanapimwa kwa inchi. Hapa magaraji yetu yamezoea milimita. Bulo moja ikipotea, bomba moja likipasuka, hakuna duka la hapa litakalokuwa na mwenzake.

Tatu, njia. Kilo 200 za chuma zinapanda meli mpaka Dar es Salaam, zinapanda treni au lori mpaka Kigoma, zinavuka ziwa, zinakutana na forodha. Kila mlango una gharama yake. Mzigo unaweza kufika ukiwa na gharama kubwa kuliko bei ya kununulia.

Na nne, ambayo ndiyo inatuuma sisi wenyewe. Miaka michache iliyopita tulisaidia kikundi kimoja kupata mashini ya idroliki ya kukamua mawese. Sisi ndio tuliandika ile proje. Siku ya uzinduzi kulikuwa na ngoma na soda. Ilifanya kazi msimu mmoja na kidogo. Halafu ikaanza kuvuja. Jointi, ile mipira midogo ya ndani inayozuia mafuta yasipite, ilikuwa imekatika. Kitu kidogo tu, bei yake haifiki hata ya kuku. Tulitafuta Baraka, tukatafuta Uvira, saizi ile haikupatikana. Fundi akajaribu kukata mpira wa tairi, ukashikilia siku mbili. Mashini ikasimama, na siku tulipopita tena kuku alikuwa ametagia juu yake. Wamama wamerudi kukamua kwa miguu. Kwenye ile proje tuliandika bei ya mashini, bei ya usafiri, hata bei ya soda. Bei ya jointi hatukuandika. Kosa lile ni letu, na hatutaki kulirudia kwa pesa ya watu waliochanga kutoka mshahara wao.

Mashini ya kriki

Tunachopendekeza ni hiki. Wasuderi wetu hapa wanajua kutengeneza milango ya chuma, madawati, hata matela. Wanaweza kuunga fremu ya chuma iliyosimama, ndefu kama mtoto wa miaka kumi, na ndani yake kukaa kriki ya lori ya tani 10. Juu kuna kabari ya chuma iliyokazwa. Gogo linawekwa katikati, kriki inalisukuma kwenda kwenye kabari. Pembeni kuna springi mbili nzito za kuirudisha kriki chini unapofungua skrubu yake.

Faida yake: kriki ikiharibika, unaitoa, unaenda kwenye duka la piyese za magari, unanunua nyingine. Haihitaji barua kwa mfadhili wala kusubiri meli. Na kila garaji inajua kuifungua.

Lakini tuko na masharti, na fundi asikubaliwe kuyaruka.

Fremu iwe na nguvu kuliko kriki. Ukiweka kriki ya tani 20 kwenye fremu ya vyuma vya dirisha, hakitapasuka gogo, itapasuka fremu, na kipande kitaruka kwenye uso wa mtu. Kwa hiyo tunachagua kriki ya tani 10, na fremu ya chuma kinene cha umbo la U ambacho kingeweza kubeba mara mbili yake. Kila pahali palipoungwa paangaliwe na fundi wa pili ambaye siye aliyeunga.

Kriki isimame wima. Kriki za namna hii zimetengenezwa kusimama. Ukizilaza bila kujua upande wa pompi, zinanyonya hewa na kukosa nguvu.

Mujue pia mpaka wake. Kriki inasukuma kama sentimita 15 tu. Gogo lililonyooka linaanza kulia na kufunguka kabla ya hapo. Gogo lililojisokota litabaki limeshikana katikati. Hapo unarudisha kriki chini, unaweka kipande cha mti mgumu chini ya gogo, unasukuma mara ya pili. Ni kazi ya pole pole. Lakini mama wa miaka sitini anaweza kuifanya bila kuinua shoka juu ya kichwa chake, na hilo ndilo tulilolitafuta.

Tunaanza na moja tu. Itakaa kwenye uwanja wa kikundi kimoja miezi mitatu, na wamama ndio watatuambia kama inafaa. Wakikataa, fremu inauzwa kama chuma na kriki inauzwa kwa dereva. Mashini ambayo unaweza kuiuza tena kirahisi haiwezi kukufilisi.

Shoka, kabari na wakati

Mashini haitafanya kazi yote, na haitakiwi. Kazi kubwa itafanywa na shoka, kabari mbili na nyundo nzito. Hapa tuko na maneno manne ya vitendo.

La kwanza: pasua mapema. Mkaratusi uliokatwa leo unapasuka vizuri kuliko mkaratusi uliolala miezi sita. Watu wengi wanaacha gogo zima likauke ndipo wanalishambulia. Wanapambana na mfupa. Pasua likiwa bichi, ndipo likauke.

La pili: kata fupi. Gogo la sentimita 35 au 40 linafunguka; la mita moja linacheka. Kazi ya msumeno inapunguza kazi ya shoka.

La tatu: soma gogo. Angalia nyufa zilizoanza kichwani, fuata hizo. Usianze katikati ya gogo kubwa, anza pembeni, toa vipande kama unamenya. Fundo likiwa upande mmoja, weka fundo chini. Na chini ya gogo weka kisiki, usipasulie kwenye mawe wala kwenye mchanga. Kijana mmoja wa hapa kwetu alijikata mguu juu gogo lilikuwa linacheza kwenye mchanga. Alilala nyumbani wiki nyingi, na shamba lake lililala naye.

La nne: kausha. Mti uliokatwa leo unaweza kuwa na maji karibu nusu ya uzito wake. Ukibeba kilo 20 kichwani, kumbe umebeba kuni kilo 10 na maji lita 10. Na jikoni yale maji lazima yachemke yaishe kwanza kabla ya moto kuanza kupika ugali wako. Unalipa mara mbili, kwa shingo na kwa kuni. Kipande kilichopasuliwa kinakauka haraka kuliko kizima, juu ganda la mti linazuia maji kutoka. Kwa hiyo wakati wa kipwa, kuanzia mwezi wa sita mpaka wa nane, pasua, panga juu ya mawe au vijiti ili upepo upite chini, na funika juu peke yake. Ukifunika na pembeni unazipika jasho. Mvua ikianza, mwenye kuni kavu ndiye tajiri wa mtaa.

Wababa na vijana, neno hili la kipwa ni lenu. Hakuna sheria inayosema kupasua ni kazi ya mama. Siku mbili za kikundi wakati wa kipwa, wanaume wote na mashoka, nyumba za wajane kwanza. Hiyo ni mashini ambayo haihitaji jointi.

Usalama

Kwa ile mashini ya kriki, na kwa yeyote atakayenunua kubwa siku moja, tunarudia mpaka muchoke.

Mtu mmoja tu kwenye mashini. Vidole vingi vinapotea pale mmoja anaposhika gogo na mwingine anavuta mkono wa chuma. Mmoja anafikiri mwenzake ametoa mkono, kumbe bado. Anayeweka gogo ndiye anayesukuma, wengine wanakaa hatua tano nyuma, na watoto hawaonekani kabisa.

Gogo liingie kwa kichwa chake, kufuata nyuzi za mti. Ukiliweka kwa upande linaweza kuruka kama jiwe la manati.

Ukiona mafuta yanavuja, usitafute tundu kwa kidole. Mafuta yenye nguvu ile yanaweza kupenya ngozi, na kidonda chake kinaonekana kidogo kumbe ndani kimeharibu. Tumia kipande cha karatoni. Na mtu akipata kidonda hicho aende hospitali siku hiyo hiyo, asingoje kuvimba.

Na mashini kubwa je?

Hatuifungii mlango. Tuko na wanachama wenye tanuri za mikate, na wenye kuchoma matofali. Hao wanatumia magogo manene na wanauza kila siku. Kwao mashini ya motere inaweza kuwa biashara. Lakini wapige hesabu kama wafanyabiashara. Tuchukue mashini ya dola 1,500, tuseme itaishi miaka mitano. Ni dola 300 kwa mwaka, dola 25 kila mwezi, kabla hujanunua tone la esanse, kabla ya mafuta ya idroliki, kabla ya fundi. Kama kazi ya kupasua haikuingizii hiyo na zaidi, usiinunue. Na kama inakuingizia, basi ukopeshwe na kikundi na urudishe. Isiwe zawadi, juu mchango wa pamoja ulitolewa kwa ajili ya yule mama mwenye jiko lililolala.

Tunachoomba

Kwa wanachama, tunaomba mukubali mambo matatu leo. Kila kikundi kipewe seti moja: mashoka mazito mawili, kabari mbili, nyundo nzito moja, tupa ya kunolea, na vikae kwa mama mweka hazina, siyo kwa kijana mwenye nguvu zaidi. Mashini ya kriki moja itengenezwe kwa majaribio. Na kila anayeitumia aweke kitu kidogo kwenye kisanduku cha matengenezo, hata kama ni kidogo sana, ili siku kriki inapokufa tusimwandikie mtu barua ya kulia.

Kwa ndugu zetu wa Marekani na wafadhili wengine: pesa yenu itumeni kama pesa, isiwe chuma. Hapa itawalipa wasuderi wetu na maduka yetu, na itabaki na kitu. Tutawaandikia hesabu ya kila kitu, pamoja na yatakayoshindikana. Hamutaona picha ya mashini kubwa yenye rangi nyekundu, tunajua. Mutaona jiko dogo limetolewa pembeni, vikombe vimeondolewa ndani yake, na linawaka.

Yule mama mjane yuko hapa, amekaa upande wa mlango. Kabla ya kuja tulimwonyesha mchoro wa ile fremu. Aliuangalia muda mrefu, akauliza swali moja tu: “Nikiishindwa, nani atanisaidia?” Tunaliacha hilo swali kwenu wanamutualite, tena tunaomba lijibiwe na kikundi chake kabla ya mkutano kufungwa.